Dhul-Hijja hapa Goma: tazama meno kabla ya kulipa

Dhul-Hijja, Mfunguo Tatu kwa hesabu ya Waswahili, ndio mwezi wa mwisho wa mwaka wa Kiislamu. Mahujaji wako Arafa na Mina. Sisi tuliobaki Goma tunafunga tarehe 9, tunaswali Idi tarehe 10, na takbira zinaendelea kuanzia alfajiri ya tarehe 9 hadi alasiri ya tarehe 13. Hayo hayana taabu. Kinachoharibika ni udhiya, yaani mnyama wa kuchinja kwa ibada ya Idi, na mara nyingi huharibikia sokoni, kisu hata hakijanolewa.

Katika madhehebu ya Shafi, mbuzi awe ametimiza miaka 2, ng'ombe vilevile 2, kondoo mwaka 1. Muuzaji atakuapia kwamba mnyama ni mkubwa. Wewe mfungue mdomo. Mbuzi ana meno 8 ya mbele, yote ya chini. Mawili ya katikati hubadilika yakawa mapana akishapita mwaka mmoja, na mawili ya pembeni yake anapokaribia miaka 2. Kwa hiyo tafuta manne mapana. Mwenye mawili mapana anatosha kwa madhehebu ya Hanafi, Maliki na Hanbali, wanaoridhika na mwaka mmoja. Mwenye meno madogo matupu mwache, hata akiwa mnene.

Kisha mtembeze. Kilema wa wazi, mgonjwa, chongo na aliyekonda mpaka mifupa hawafai. Mbuzi aliyetoka Masisi amefungwa miguu yote minne juu ya pikipiki huenda akashushwa akichechemea, basi usimlipie akiwa bado amelala. Afadhali umnunue siku nne au tano kabla, apumzike na ale.

Ng'ombe ni wa watu 7, hazidi. Mkiwa 8, wa nane atafute mbuzi wake. Andikeni majina kabla ya kuchanga pesa, na nyama igawanywe kwa mizani; kukadiria kwa macho huzaa ugomvi.

Usichinje kabla ya swala: hiyo itakuwa nyama ya kula tu, si udhiya. Mlaze ubavu wa kushoto, umwelekeze kibla, utaje jina la Mwenyezi Mungu, ukate koromeo na umio pamoja na mishipa miwili ya damu. Usichune mpaka atulie kabisa. Kwenye mitaa iliyojengwa juu ya mawe ya volkano shimo la damu halichimbiki. Weka beseni, au mwaga mchanga kwanza.

Mchinjaji mlipe franga. Ngozi na kichwa si ujira wake, na ngozi haiuzwi. Nyama wengi huigawa mafungu matatu: nyumbani, jirani, maskini. Fungu la maskini litoke likiwa bichi, maana kumwalika ale pilau hakutoshi kwa Shafi. Ikiwa ni nadhiri, wewe na unaowalisha hamli hata kipande.

Kwa Shafi muda wa kuchinja unaendelea hadi jua la tarehe 13 lizame, kwa hiyo sioni sababu ya kugombania mbuzi kilema usiku wa Idi.