Sakopenia: misuli inapopungua uzeeni

Sakopenia ni hali ya misuli kupungua wingi na nguvu kadiri umri unavyosonga, hadi mtu anashindwa na mambo aliyokuwa akiyafanya bila hata kuyawazia. Jina hilo lilipendekezwa mwaka 1989 na daktari Mmarekani, Irwin Rosenberg. Hali yenyewe, familia nyingi za Nairobi zimeiona bila kujua ina jina: shosho anayeshikilia kila kiti akitoka sebuleni kwenda msalani, au mzee asiyeshuka matatu mpaka makanga amshike kwapani.

Haianzi uzeeni. Baada ya miaka 30 hivi, mtu hupoteza takriban asilimia 3 hadi 8 ya misuli kila miaka 10, na kasi huongezeka baada ya 60. Mishipa ya fahamu inayoamrisha misuli hupungua, homoni hushuka, na mwili huhitaji protini nyingi zaidi kujenga kile ulichokuwa ukijenga kwa kidogo. Kisukari na maradhi mengine ya muda mrefu huongeza chumvi kwenye kidonda.

Lakini sababu iliyo mikononi mwetu ni kukaa, na hapa naona tunawakosea wazee kwa nia njema kabisa. Mama anatolewa ushago, alikokuwa akikama ng'ombe na kuinama shambani tangu alfajiri, anapandishwa ghorofa ya nne huko Umoja au Kasarani. "Wewe keti tu, mama, umefanya kazi ya kutosha." Chai analetewa, rimoti iko mkononi, hata kikombe msichana wa kazi hamwachii akioshe. Baada ya miezi kadhaa ngazi zinamtisha, hatoki tena, na sisi tunasema ni uzee. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, wazee wenye afya njema walilazwa kitandani siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Wazee waliokuwa wazima!

Mizani haitakuonyesha hilo. Misuli inaweza kupungua huku mafuta yakichukua nafasi yake, uzito ukabaki palepale au ukaongezeka, na wageni wakamsifu mama kwamba Nairobi imempenda.

Kipimo kizuri zaidi ni kiti cha kawaida cha mezani, kilichoegemezwa ukutani. Mzee akunje mikono kifuani, asimame wima na kuketi tena mara 5 mfululizo, na mtu awe karibu naye asije akaanguka. Akitumia zaidi ya sekunde 15, au asipoweza bila kujisukuma kwa mikono, nguvu zimepungua kiasi cha kumwona daktari.

Nguvu hizo zinaweza kurudi, tena kwa umri mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1990, watafiti wa Boston waliwafundisha kunyanyua uzani wazee dhaifu wenye umri wa wastani wa miaka 90. Kwa wiki 8, nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Shirika la Afya Duniani linawashauri walio na miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki, na mazoezi mchanganyiko, yakiwemo ya kuufanya mwili usiyumbe, angalau siku 3.

Wala huhitaji jimu. Kusimama na kuketi kwenye kiti kilekile ni zoezi tosha la kuanzia, na pakiti ya unga ya kilo 2 inanyanyulika kama chuma chochote. Ngazi za ploti zipandwe polepole, mkono kwenye chuma cha pembeni. Matembezi ya msitu wa Karura yanaufaa moyo sana, ila kutembea tambarare peke yake hakujengi misuli vya kutosha.

Chakula nacho kina neno. Wataalamu wengi hupendekeza mzee apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, yaani gramu 60 hadi 72 kwa mtu wa kilo 60. Chai na mkate asubuhi, kisha ugali na sukuma jioni, havifiki huko hata kwa mbali. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa 8, kikombe cha ndengu zilizochemshwa karibu 14. Meno yakiwa yameisha, omena wakavu husagwa wakachanganywa kwenye mchuzi, na maharagwe hupondwa. Zile poda za mikebe zinazouzwa kwa bei ya mbuzi, wengi hawazihitaji. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kuongea na daktari wake.

Tahadhari moja: sakopenia huja taratibu. Mkono au mguu wa upande mmoja ukilegea ghafla, au mdomo ukapinda, hiyo ni dalili ya kiharusi, na mgonjwa apelekwe hospitali papo hapo. Na mzee anayekonda haraka bila sababu apimwe kifua kikuu, kisukari na saratani kabla ya mtu yeyote kumwambia ni umri.