Kompyuta ya kwanza ya kuhariri video: faili la kamera ndilo linalochagua prosesa

Swali linaloniijia kila mara ni "ninunue kadi gani ya grafiki?" Jibu langu ni swali jingine: kamera yako inarekodi faili la aina gani? Fungua klipu moja kwenye MediaInfo, programu ya bure, usome vitu vitatu: kodeki, yaani mbinu ya kubana video (AVC ndiyo H.264, HEVC ndiyo H.265), sampuli ya rangi, yaani rangi imehifadhiwa kwa wingi gani (4:2:0 au 4:2:2), na biti za kila rangi (8 au 10). Usimlipe muuzaji hata senti kabla hujajua hayo matatu.

H.264 na H.265 kwa kawaida hazihifadhi kila fremu nzima. Inahifadhiwa fremu moja kamili, halafu kwa zinazofuata huandikwa yale tu yaliyobadilika. Ukirudi nyuma kidogo kwenye taimulaini, mashine inabidi iitafute ile fremu kamili, ifungue zote za katikati, ndipo ikuonyeshe hiyo moja uliyoitaka. Kazi hii ina sakiti yake maalumu ndani ya prosesa au ndani ya kadi ya grafiki. Sakiti isipoifahamu aina ya faili lako, mzigo wote unaangukia kori (viini vya kazi) za prosesa, na picha inaanza kukwamakwama hata kama kadi imekugharimu mamilioni.

Wengi hunaswa kwenye 4:2:2 ya biti 10, ambayo Sony A7 IV, Canon R6 na wenzao hurekodi. Kadi za Nvidia hadi familia ya RTX 40 haziifungui kwa sakiti. RTX 50, zilizotoka 2025, ndizo zilizoanza. Sakiti ya Intel iitwayo Quick Sync inafungua H.265 ya 4:2:2 biti 10 tangu kizazi cha 11 cha prosesa za Core, lakini kwenye vizazi ninavyovipendekeza hapa H.264 ya 4:2:2 biti 10 haiwezi. Kwa mwenye Sony maana yake ni hii: XAVC HS (H.265) itateleza, XAVC S ya 4:2:2 (H.264) itakutoa jasho. Kama kamera yako au simu yako inatoa 4:2:0 ya biti 8, pumua, karibu mashine yoyote ya miaka ya karibuni inaiweza.

Kwa mashine ya kwanza, basi, mimi huanzia kwa Intel Core i7-12700. Ina kori 12 (8 kubwa na 4 ndogo), nyuzi 20 (kazi 20 kwa wakati mmoja), na grafiki ya ndani ya UHD 770 yenye injini mbili za video. Mfuko ukibana, i5-12500 ina UHD 770 hiyohiyo na kori 6. i5-12400 inafanana nayo, isipokuwa kwenye grafiki: ina UHD 730 yenye injini moja, na harusi ya kamera tatu kwenye mpangilio wa kamera nyingi utaiona ikihema. Usinunue yenye herufi F mwishoni, kama 12700F, kwa sababu grafiki ya ndani imezimwa, na hiyo ndiyo uliyoifuata. Za kizazi cha 13 na 14 zenye nguvu kubwa zilikumbwa na tatizo la volti iliyozidi. Marekebisho ya BIOS (programu ya msingi ya madabodi) yalianza kutolewa Agosti 2024, lakini ukinunua ya mtumba huwezi kujua ilipikwa kwa muda gani kabla ya hapo. Ndiyo maana nabaki na ya 12.

Kuna mashine za mtumba zenye Xeon E5, prosesa za Intel za kompyuta za kazi nzito, kama HP Z440 na Dell T5810, zinazosifiwa sana Kariakoo na Luthuli Avenue: "kori 14, RAM 64!" Kwa kurenda (kutengeneza picha za mwisho) kwenye Blender, programu ya 3D, kwa prosesa si mbaya. Kwa video za H.265 ni mtego, Xeon hizo hazina Quick Sync kabisa. Nazo OptiPlex na EliteDesk ndogo za ofisini mara nyingi huja na pawa saplai ya wati mia mbili na ushee, ya umbo lake lenyewe, isiyo na waya wa kulisha kadi. Ukinunua hiyo umenunua kikomo.

Kadi inategemea programu. Premiere Pro inaitumia kwa efekti na kubadili ukubwa wa picha. DaVinci Resolve inaiegemea karibu kwa kila kitu cha rangi. Blender kupitia Cycles, injini yake ya kurenda, inaweza kuipa kazi nzima ya kurenda. Kinachokwamisha kwanza si kasi, ni kumbukumbu ya kadi. Resolve ikikosa nafasi inakuandikia kwamba kumbukumbu ya GPU imejaa na kusimamisha kazi. Blender ikishindwa kuingiza mandhari nzima inapunguza kasi vibaya au inakataa kurenda. Kwa 4K ningeweka GB 12. RTX 3060 ya GB 12 bado ni chaguo la busara kwa mfuko mdogo, ila ipo pia 3060 ya GB 8 yenye njia nyembamba ya kumbukumbu, na kasha lake linafanana. Soma lebo. Kadi ya mtumba ikague kwa GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi, palepale dukani: kadi za zamani huandikwa BIOS ya uongo zijitambulishe kwa jina la mpya, na programu hiyo mara nyingi huziumbua.

RAM: GB 32, vipande viwili vya 16. Kipande kimoja cha 32 kinatumia njia moja tu kati ya mbili, na grafiki ya ndani inakopa RAM hiyohiyo, kwa hiyo utaumia mara mbili. Ukishafunga, ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio wa kuipa RAM kasi iliyoandikwa kwenye lebo, la sivyo DDR4 ya 3200 inaweza kubaki ikitembea kwa 2133 au 2400.

Madabodi: B660 au B760 yenye nafasi nne za RAM na mbili za M.2 (za kuchomeka SSD). H610 ina nafasi mbili za RAM, na nyingi zina mfumo dhaifu wa kulisha prosesa. I7 juu yake hupunguza kasi katikati ya kutoa video ndefu.

Diski zipigie hesabu. Video ya megabiti 200 kwa sekunde ni megabaiti 25, sawa na GB 90 kwa saa. Kamera tatu kwa saa nne zinakaribia TB 1.1. NVMe (SSD ya kasi ya kuchomeka M.2) ya TB 1 iwe ya mfumo, programu na kashe (faili za muda); NVMe ya pili ya TB 2 iwe ya kazi inayoendelea; diski ngumu (HDD) kubwa iwe ya kazi zilizokabidhiwa. Epuka SSD za QLC (zinazosongamanisha biti nne kwenye kila seli) za bei ya kutupa kwa kazi inayoendelea: zikijaza sehemu yao ya haraka, kasi ya kuandika inaweza kushuka hata chini ya ile ya diski ngumu.

Umeme ndio unaoua mashine za kwetu. i7-12700 hufika wati 180 ikibanwa, RTX 3060 ni 170, vingine vyote tuseme 60. Jumla 410, hivyo pawa saplai ya wati 650 ya kiwango cha Gold inatosha na inabakiza. Kwenye UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) usisome VA, soma wati: nyingi za 650 VA zinabeba wati kati ya 360 na 390, hivyo umeme ukikatika katikati ya kurenda inazima papo hapo. Tafuta ya 1500 VA yenye wati 900 hivi, na ya wimbi safi ukiweza, maana baadhi ya pawa saplai nzuri hazielewani na wimbi la kuigiza.

Feni ya Intel ya kwenye boksi iache. Chukua kipoza cha mnara chenye feni ya milimita 120, na kabla ya kukifunga bandua plastiki ya chini; wapo wanaoisahau. Kasha liwe na wavu mbele na kichujio cha vumbi kinachotoka, feni mbili zivute ndani na moja itoe.

Kuna mpangilio mmoja unaopotezwa na mafundi wengi. Ukichomeka kadi, madabodi nyingi huzima grafiki ya ndani. Ingia BIOS, tafuta iGPU Multi-Monitor, uiwashe, kisha weka driva ya Intel. Waya wa skrini ubaki kwenye kadi. Toleo la bure la Resolve kwenye Linux halifungui H.264 wala H.265, kwa hiyo anza na Windows.

Jaribu hivi: weka klipu ya 4:2:2 kwenye taimulaini ya Premiere, ikiwa H.265, icheze, ufungue Task Manager kwenye grafiki ya Intel. Mchoro wa Video Decode ukipanda na prosesa ikatulia, umepatia. Ukibaki sifuri, rudi BIOS, halafu kwenye mipangilio ya Premiere uangalie kama ufunguaji kwa Intel umewekewa alama.