Mti Uliokatwa Kichwa Haujapogolewa

Mti mkubwa ukikatwa kichwa, matawi yote yakabaki vigutu, haupiti muda mrefu kabla haujachipua kwa fujo. Mwenye mti huutazama ule ukijani mbichi akasema, "Si mnaona? Umepata nguvu mpya." Sisi tunaoshughulika na miti tunaona mti wenye njaa.

Chakula cha mti hutengenezwa kwenye majani, kisha hushuka hadi mizizini. Ukiyaondoa majani karibu yote kwa siku moja, mti hulazimika kuchota akiba ya wanga iliyohifadhiwa kwenye shina na mizizi, ili kusukuma machipukizi ya dharura yaliyokuwa yamelala chini ya gome. Fujo ile ya kuchipua ni kwa ajili hiyo. Mti ukiwa mzee au akiba ikiwa ndogo, mizizi huanza kufa taratibu. Miaka michache baadaye mti mzima unakauka, na lawama zinaangukia mchwa au ukame. Msumeno umeshasahaulika.

Machipukizi hayo nayo ni hatari. Tawi la kawaida hukua pamoja na shina, mbao zao zikifumana mwaka hadi mwaka. Chipukizi la dharura limeshika kwenye tabaka la nje tu, tena juu ya kigutu kinachooza. Linarefuka upesi na kuwa zito, halafu siku ya upepo linabanduka. Mtu aliyekata kilele kwa kuogopa mti usiangukie nyumba amejitengenezea mti wa hatari zaidi, na kwa kawaida haukawii kurudia urefu wake wa awali.

Jeraha la mti halifanani na la ngozi yetu. Sisi tunapona kwa chembe mpya kuchukua nafasi ya zilizoharibika, mti hauwezi. Alex Shigo, mtaalamu wa magonjwa ya miti katika Idara ya Misitu ya Marekani, alipasua miti mingi kwa msumeno ili kufuatilia njia ya uozo ndani yake. Kazi yake, iliyojulikana sana miaka ya 1970, ilionyesha kwamba mti hujenga kuta kuzunguka sehemu iliyoumia, kisha huendelea kuota mbao mpya kwa nje. Sehemu iliyoharibika hubaki humo ndani maisha yote ya mti. Ndiyo maana mahali pa kuweka msumeno pana uzito kuliko ukali wa msumeno wenyewe.

Sogea karibu, utazame pale tawi linapoungana na shina. Kwa juu kuna mkunjo wa gome ulioinuka. Kwa chini kuna uvimbe kidogo. Uvimbe huo ni shingo ya tawi, na ndani yake kuna kinga ya kuzuia uozo usiingie shinani. Kata nje kidogo ya shingo, usiiguse. Ukiacha kigutu kirefu, kitakufa na kuwapa kuvu njia ya kuingilia. Ukikata kwa kulaza msumeno shinani, umeondoa kinga yenyewe. Mkato huu wa pili unapendeza macho, na kwa miaka mingi hata wataalamu waliufundisha. Matokeo husomeka baadaye: mkato mzuri huota gome jipya pande zote kama duara, ilhali ule wa kulaza msumeno mara nyingi huota kwa pembeni tu, juu na chini pakabaki wazi.

Tawi zito hukatwa kwa mikato mitatu. Wa kwanza ni wa chini, kama sentimita 30 kutoka shinani, usiopita theluthi ya unene. Wa pili ni wa juu, mbele kidogo ya hapo kuelekea ncha ya tawi, na tawi litaanguka bila kuchuna gome la shina. Wa tatu unaondoa kigutu kilichobaki. Panga halifai kwa kazi hii. Linachana na kuacha nyuzi.

Kupaka rangi, lami au oili chafu kwenye kidonda hakuzuii uozo. Zipo hali chache za kupaka, kwa mfano mialoni ya Amerika Kaskazini inapokatwa wakati wadudu wanaoeneza ugonjwa wa kunyauka wanaruka.

Fundi anayekuja na viatu vya miiba ya chuma kupandia mti usiokusudiwa kuangushwa, mrudishe. Kila hatua yake ni kidonda. Fundi hodari huanza chini: hukagua mizizi na shina, hutafuta uyoga na mashimo, kisha hukuuliza unataka nini hasa, mwanga, nafasi au usalama. Mti wenye afya haupunguzwi zaidi ya robo ya majani yake kwa mwaka, na wa kizee hata chini ya hapo. Tawi likilazimika kufupishwa, hukatwa kwenye tawi dogo lenye unene usiopungua theluthi ya lile linaloondolewa. Miti iliyogusa nyaya za umeme waachiwe watu wa umeme, maana tawi bichi hupitisha umeme.

Kama wako umeshakatwa kichwa, usiyafyeke machipukizi yote. Kwenye kila kigutu chagua machache yenye nguvu na nafasi nzuri, na mengine uyapunguze kidogokidogo kwa miaka kadhaa. Lakini shina likiwa limeoza hadi kuwa tupu, mwite mtaalamu alikague kabla hujamruhusu mtu yeyote kupanda.