Ritani ya mume si ritani ya mke: tunayoyaamini kila Juni na ukweli wake

Kila Juni majirani zangu wa mtaa wa Umoja, Nairobi, huja kwangu na P9 zilizokunjwa mara nne, zile fomu za mwajiri zinazoonyesha mshahara na kodi ya mwaka, tukae tufaili ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi ya mwaka. Mume akimaliza yake, maneno ni yale yale: "Sasa malizia na ya mama watoto hapo hapo." Hakuna hapo hapo. Pini ya KRA, namba ya mlipakodi inayotolewa na Mamlaka ya Mapato ya Kenya, ni ya mtu, si ya nyumba. Nikisema hivyo wengi hunyamaza, maana ndipo wanapogundua kwamba ya mwenzao haijafailiwa kwa miaka mitatu.

"Tumeoana, kwa hivyo ritani ni moja"

Dhana hii haikuzuka tu. Sheria ya Kodi ya Mapato iliyoanza kutumika 1974 ilikuwa na kifungu cha 45, kilichohesabu mapato ya mke anayeishi na mumewe kuwa mapato ya mume. Baadaye mke akaruhusiwa kufaili ritani yake mwenyewe kwa mapato ya ajira, taaluma au biashara yake. Kisha ikaja Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 45, nambari ile ile, kinawapa mume na mke haki sawa wanapooana, wakiwa katika ndoa na hata wakiachana. Kwangu mimi hilo si jambo dogo. Mwanamke anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kazini anastahili jina lake liwe juu ya karatasi ya kodi yake.

Lakini fomu ya mtu binafsi katika iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, imebeba swali la zamani: je, unataka kutangaza mapato ya mke? Mume huona swali hilo, akadhani ni lazima ajibu ndiyo kwa kuwa ana mke, akajaza mshahara wa mkewe. Wiki moja baadaye mke naye anafaili kwa pini yake. Mshahara mmoja umetangazwa mara mbili. Kama mwenzako anafaili mwenyewe, jibu ni hapana.

"Nikishatuma, siwezi kurekebisha"

Unaweza. iTax inapokea ritani iliyorekebishwa, na sheria inakupa miaka mitano tangu ulipofaili ile ya kwanza. Basi kama ulijaza mapato ya mke kwenye yako, rekebisha yako kwanza uyaondoe, ndipo yeye afaili yake. Zaidi ya hapo, hakuna utaratibu wa nani atangulie. Mke anaweza kufaili Januari na mume Mei. Kinachowahusu nyote ni siku ya mwisho, tarehe 30 Juni.

"Mke wangu hana kazi, kwa hivyo hana cha kufaili"

Hapa ndipo watu huumia. Wengi walichukua pini zamani, wakifungua akaunti ya benki au wakiomba mkopo wa masomo wa HELB, kisha wakaisahau. Ikiwa wajibu wa kodi ya mapato bado uko hai kwenye pini hiyo, mfumo unasubiri ritani kila mwaka, hata ya sufuri. Ukichelewa, faini ya mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi. Asiyedaiwa kodi hata senti bado anaangukia 2,000. Miaka mitatu ni 6,000.

Jirani yangu mmoja alikaa nyumbani akilea watoto, mumewe akifaili yake bila kukosa na kuamini kwamba amemaliza ya nyumba nzima. Alipopata kazi aliambiwa alete cheti cha kutodaiwa kodi. Mfumo ukamnyima, kwa sababu ya ritani za miaka ambayo hakupata hata shilingi. Alilia kwenye kiti changu, na mumewe hakuwa na neno. Hakuna aliyemdhulumu mwenzake. Ni kutojua tu.

Ila sufuri ni ya asiye na mapato kweli. Akiuza mitumba soko la Gikomba, hiyo ni biashara, na kutangaza sufuri ni kusema uongo.

"Kodi ilikatwa kazini, basi afaili sufuri"

Hapana. PAYE, kodi ambayo mwajiri hukata kwenye mshahara, lazima ionekane kwenye ritani yake, kwa takwimu za P9 yake. Hata mwenye mshahara unaotozwa kodi wa 24,000 kwa mwezi, ambaye kodi yake ya asilimia 10 ni 2,400 na afueni (punguzo la kodi) ya 2,400 inaimaliza yote, hafaili sufuri. Anajaza mapato yake, na hesabu ndiyo inayofika sufuri yenyewe.

"Tukitenganisha tutalipa zaidi"

Kila mkazi ana afueni yake ya 28,800 kwa mwaka, na kufaili kwa mwenzako hakuipunguzi yako. Tahadhari ni kwenye bima: afueni ni asilimia 15 ya malipo, isiyozidi 60,000 kwa mwaka, na anayeidai ni aliyelipa. Risiti moja isidaiwe na watu wawili.

"Akaunti ni ile ile, nabadilisha jina tu"

Toka kabisa kwenye akaunti yako, kisha mwenzako aingie kwa pini na nenosiri lake. Anza na fomu mpya, si ile uliyojaza yako. Na kabla hujagusa chochote, muulize: baruapepe iliyosajiliwa kwenye pini yako ni ya nani? Nimekuta akina mama ambao pini zao zilisajiliwa kwenye saiba (duka la intaneti) fulani ya mjini kwa baruapepe ya mhudumu, na nenosiri likisahaulika, jipya linatumwa kwa mtu wasiyemjua. Hilo hulitatui Juni 30 usiku. Aende mapema ofisi ya KRA, kwa mfano Times Tower, na kitambulisho chake, aweke baruapepe anayoifungua mwenyewe.

Mkimaliza, zipakueni risiti zote mbili na kusoma pini iliyoandikwa juu ya kila moja kabla hamjafunga kompyuta.