Je, wajua kwa nini maktaba ya San Francisco iliajiri ofisa ustawi wa jamii?

Mwaka 2009 Maktaba ya Umma ya San Francisco, Marekani, ilimwajiri Leah Esguerra, ofisa ustawi wa jamii aliyetokea kwenye huduma za afya ya akili. Nchi nzima ilikuwa haijapata kuona maktaba yenye ofisa wa namna hiyo. Wengi walishangaa: mahali pa vitabu, ofisa ustawi wa jamii anatafuta nini?

Ukitaka jibu, simama mlangoni pa maktaba hiyo asubuhi. Maktaba Kuu ipo katikati ya jiji, mwendo mfupi kutoka Tenderloin, mtaa unaojulikana kwa umaskini na kwa watu wengi wasio na makazi. Mtu aliyelala kibarazani usiku, kukikucha anahitaji kiti, choo, maji na mahali pa kuchaji simu. Hotelini ataulizwa anaagiza nini. Dukani mlinzi atamfuata nyumanyuma. Maktaba haina kiingilio, haina cha kununua, na mtu anaweza kukaa humo tangu inafunguliwa hadi inafungwa. Kwa hiyo watu hao walikuwa wakija miaka mingi kabla ya 2009. Wakutubi waliwafahamu kwa sura. Waliona nani anaongea peke yake, nani ana kidonda kisichopona, nani wiki hii amekonda. Walichokosa ni mtu wa kumwambia.

Esguerra hakukaa ofisini kusubiri waje. Alizunguka ghorofa kwa ghorofa, akasalimia, akazoeleka, na mtu alipokuwa tayari ndipo wakazungumza habari ya mahali pa kulala, matibabu au chakula. Kazi hiyo aliifanya kwa ushirikiano wa maktaba na idara ya afya ya jiji. Chini yake wakawekwa wasaidizi ambao wenyewe waliwahi kuishi bila makazi. Ndio wanaopita kwenye kumbi na vyooni, kwa sababu vyooni ndiko watu huoga, hufua na wakati mwingine huzidiwa. Kwangu mimi, hapo ndipo penye akili kubwa kuliko pengine pote katika mpango huu. Aliyewahi kulala barabarani anajua ni swali gani linamfanya mwenzake afunge mdomo, na ni lipi linamfanya avute kiti akae. Msaidizi naye anapata kazi, mshahara na mafunzo ya kumsogeza mbele. Miaka iliyofuata maktaba za miji mingine, ikiwemo Denver na Washington, ziliajiri maofisa wao.

Kwa nini mpango kama huu ufanikiwe maktaba, wakati jiji lina hospitali na kliniki? Ni kwa sababu mlango wa hospitali una maswali. Jina, kadi, bima, umekuja na nani, unasumbuliwa na nini. Kukaa tu kwenye benchi la kliniki ya afya ya akili, au la kliniki ya kifua kikuu, ni kujitangaza kwa kila anayepita na kukufahamu. Wengi wanaohitaji huduma wanaishia getini kwa aibu au kwa woga wa gharama. Aliyeingia maktaba hajajitangaza kwa lolote. Huenda amekuja kusoma gazeti.

Wales walitumia hali hiyohiyo kwa njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mjini Cardiff, mwanasaikolojia Neil Frude alikuwa na wagonjwa wengi wa sonona na wasiwasi, na foleni ya kumwona mtaalamu ilikuwa ndefu mno. Vilikuwepo vitabu vilivyoandikwa na wataalamu, vinavyomfundisha msomaji hatua kwa hatua namna ya kuyakagua mawazo yake na kubadili mazoea yanayomzamisha. Akaanzisha utaratibu: daktari anaandika jina la kitabu kwenye karatasi ya cheti cha dawa, na mgonjwa, badala ya kwenda famasi, anakwenda maktaba. Mpango huo ulienea Wales yote, kisha mwaka 2013 England ikaanzisha wake. Kitabu hakimwondolei mtu mwenye sonona kali haja ya daktari, na wala mpango haukudai hivyo. Lakini mwenye hali nyepesi anaanza kusaidiwa wiki hiyohiyo, na rafu haimuulizi kwa nini amechagua kitabu kile.

Sasa tuje kwenye presha, maana hapa maktaba ina faida ambayo wengi hawajaifikiria. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wazima wapatao bilioni 1.4 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo la juu la damu, na karibu nusu yao hawajui. Ugonjwa huu hauumi. Mtu anatembea nao miaka hadi siku anapopooza upande mmoja, ndipo nyumbani wanaanza kuulizana kama aliwahi kupimwa.

Kupima kwenyewe ni rahisi, ila kuna masharti. Mpimwaji akae ametulia dakika 5 kabla ya mashine kuwashwa. Mgongo uegemee kiti, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, miguu isipishanishwe. Mkono uwekwe juu ya meza, mkanda wa mashine uwe usawa wa moyo, na ufungwe juu ya ngozi, usifungwe juu ya sweta. Asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyopita, asiwe amebana mkojo, na asizungumze wakati mashine inapima, kwa sababu maongezi peke yake yanaweza kupandisha namba.

Linganisha na inavyokuwa kwenye zahanati iliyojaa. Mama ametembea juani, amegombea foleni, mtoto analia mgongoni, ameitwa jina haraka, amekaa kwenye stuli isiyo na egemeo, na nesi anamuuliza maswali huku mkanda unajaa upepo. Namba inayotoka hapo si ya kuaminika sana. Halafu kuna watu ambao presha yao hupanda kwa kumwona tu mtoa huduma mwenye koti jeupe. Maktaba ina kiti chenye egemeo, ina meza, na ukimya ndiyo sheria ya nyumba. Ndiyo maana zipo maktaba Marekani zilizoweka mashine za kujipimia, na nyingine zinaazimisha mashine kama zinavyoazimisha vitabu: unakwenda nayo nyumbani, unajipima siku kadhaa, unaandika namba zako, unairudisha.

Afrika nako maktaba zimeshaonyesha njia. Tamale, kaskazini mwa Ghana, maktaba ya umma ya mkoa ilianzisha mradi wa afya ya uzazi mwanzoni mwa miaka ya 2010. Wajawazito waliandikishwa, kisha wakawa wanapokea ujumbe mfupi wa simu kila wiki kulingana na umri wa mimba: lishe, malaria, dalili za hatari, umuhimu wa kliniki. Kompyuta ni za maktaba, ujuzi ni wa wauguzi. Hakuna jengo jipya lililojengwa.

Lakini si kila kilichofanywa na maktaba kinafaa kuigwa kilivyo. Philadelphia, Marekani, kwenye tawi la maktaba la McPherson Square lililomo katika eneo lililoathirika vibaya na heroini, ilifika mwaka 2017 wakutubi wenyewe wamefundishwa kutumia naloksoni, dawa inayomzindua aliyezidisha kipimo. Waliokoa maisha ya watu kwenye nyasi za mbele ya jengo, mchana, watoto wakiwa ndani wanasoma. Nawaheshimu sana wakutubi wale. Hata hivyo, mtu aliyesomea kupanga vitabu na kusaidia watoto kusoma hakupaswa kubebeshwa kazi hiyo bila mhudumu wa afya pembeni yake. Ukiweka huduma ya afya maktaba, mlete na mwenye kazi yake. San Francisco walianza na hilo.

Hapa kwetu majengo yapo. Tanganyika ilitunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Kenya ilipata sheria yake mwaka 1965, na tangu 1996 ngamia wamekuwa wakibeba masanduku ya vitabu kuwafikia wafugaji wa Garissa. Ila ukiingia kwenye maktaba nyingi za mikoa au za kaunti utakuta meza zimejaa vijana wanaojiandaa na mitihani, kila mmoja na madaftari yake aliyotoka nayo nyumbani. Ni jambo jema na lisiguswe. Bibi mwenye kisukari, baba aliyepunguzwa kazini, mama mwenye kichanga: hao hawaingii, kwa sababu hawajawahi kuambiwa kwamba pale ni pao pia.

Kenya ina nafasi nzuri hasa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa serikali za kaunti huduma za afya za kaunti, na katika orodha hiyohiyo limezipa maktaba. Gavana mmoja ndiye mwenye zahanati na ndiye mwenye rafu za vitabu. Mwezi Septemba 2023 nchi ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, na mikoba waliyopewa ina mashine ya presha na kipima sukari. Wanazunguka nyumba kwa nyumba, na ni vizuri. Lakini nyumba nyingi za mjini mchana hazina watu. Mhamasishaji akipangiwa asubuhi moja kwa wiki kwenye maktaba ya kaunti, siku ileile kila wiki ili watu waizoee, gharama ya nyongeza ni meza na viti viwili.

Tanzania mzunguko ni mrefu kidogo, kwa kuwa Bodi ya Huduma za Maktaba ipo chini ya Wizara ya Elimu na zahanati zipo mikononi mwa halmashauri. Barua zitabidi ziandikwe. Ila mganga mkuu wa wilaya na msimamizi wa maktaba ya wilaya aghalabu wapo mji mmoja, na makubaliano ya kumleta mhudumu wa afya ngazi ya jamii kila Jumatano hayahitaji kusubiri bajeti ya taifa.

Kuna sharti moja ambalo likivunjwa kila kitu kinaharibika, nalo ni siri. Meza ya kupimia isiwe mbele ya kaunta ambako kila anayerudisha kitabu anachungulia namba za jirani yake. Kusiwe na daftari la majina lililoachwa wazi. Vitabu na vipeperushi vya UKIMWI, uzazi wa mpango na afya ya akili viwe mahali ambapo mtu anaweza kuchukua bila kumuomba yeyote, na anayetafuta habari za ugonjwa kwenye kompyuta ya maktaba akute skrini imegeuzwa ukutani. Namba za presha aandikiwe mwenyewe kwenye kikaratasi aondoke nacho. Namba ya juu ikifika 180 au ya chini ikifika 120, apumzike dakika chache apimwe tena. Ikibaki palepale apelekwe hospitali siku hiyo, na akiwa na maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi au ganzi ya upande mmoja, apelekwe wakati huohuo. Kwa hiyo mhudumu awe na simu yenye salio na namba ya kituo cha afya kilicho karibu kabla hajafungua mkoba wake.

Halafu kuna saa za kazi. Maktaba inayofungwa jioni mapema na kulala Jumapili inamkosa fundi, mamantilie na dereva wa bodaboda, ambao ndio wasiopata nafasi ya kukaa foleni ya zahanati siku za kazi. Kuongeza saa mbili jioni, hata siku mbili tu kwa wiki, kungewafikia.