Diski ya Mgongo Si Mpira: Ni Maji Yaliyoshikwa na Chumvi

Wengi tumeambiwa kwamba diski za uti wa mgongo ni vipande vya mpira vilivyopachikwa kati ya pingili. Mfano huo huniudhi, kwa sababu unaficha jambo lenyewe. Mpira ukiubana ukauachia, hurudi ulivyokuwa papo hapo. Diski hubonyea kidogo, kisha huendelea kupungua unene taratibu kwa saa kadhaa, hata kama mzigo ni uleule. Kinachotoka ni maji.

Tuna diski 23. Katikati ya kila moja kuna kiini laini kama jeli, na kwa kijana takriban asilimia 80 ya kiini hicho ni maji. Kimezungushiwa tabaka 15 hadi 25 za nyuzi za kolajeni (protini ngumu ya mwili) zilizolala mshazari, kila tabaka likielekea kinyume cha lililotangulia.

Kwa nini basi maji hayo hayakamuliwi yote, ilhali mwili unayakandamiza kutwa? Kwa sababu ya kemia. Ndani ya kiini mna molekuli kubwa ziitwazo proteoglikani, zenye chaji hasi nyingi zilizofungwa mahali pake. Chaji hizo huvuta ioni za sodiamu, yaani chembe za chumvi zenye chaji chanya, hivyo ndani ya diski huwa na chumvi nyingi kuliko majimaji yanayoizunguka. Maji huelekea kwenye chumvi nyingi. Hiyo ndiyo osmosisi. Diski daima inataka kuvimba, na nyuzi zake pamoja na uzito wa mwili ndivyo vinavyoizuia.

Maabarani, jambo hili linaonekana wazi. Kipande cha kiini kikiachwa huru katika maji yasiyo na chumvi huvimba. Kikihamishiwa kwenye maji ya chumvi kali husinyaa, ingawa hakuna aliyekibana. Kwa diski, kuongeza chumvi nje na kuongeza mzigo juu huleta tokeo moja: maji hutoka. Ndiyo maana anayepima ugumu wa diski bila kujali chumvi ya majimaji aliyoilowekea hupata majibu ya kupotosha.

Kasi nayo ina uzito wake. Vitundu vya kupitishia maji ni vidogo mno, kwa hiyo mzigo wa ghafla huyakuta maji hayajapata nafasi ya kutoka, na diski huwa ngumu. Mzigo wa kudumu huyapa muda.

Ukisimama, shinikizo ndani ya diski ya kiunoni hufika karibu megapaskali (kipimo cha shinikizo) 0.5, ukilala hushuka hadi karibu 0.1, na usiku diski hunyonya maji upya. Kwa hiyo mtu huamka mrefu kuliko alivyolala, kwa takriban asilimia 1 ya kimo chake, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo hupotea katika saa za mwanzo baada ya kuamka. Asubuhi hiyo diski imejaa na kukaza, na kuinama sana huivuta zaidi kuliko jioni.

Umri ukisonga, proteoglikani hupungua na maji hupungua nazo. Mzigo uliokuwa ukibebwa na kiini huhamia kwenye nyuzi, ambazo kazi yake hasa ni kuhimili kuvutwa. Hapo nyufa huanza, na kiini huweza kupenya hadi kugusa neva. Watu husema diski “imeteleza”, lakini diski haitelezi: imeshikamana na pingili juu na chini, na kilichohama ni sehemu ya kiini chake.