Ukingo Mnyoofu Si Bawa la Ndege

Nimeletewa tena. Klipu ya sekunde 14 kutoka mwamba wa Nikumaroro, kule Kiribati, duara jekundu limezungushiwa kivuli, na swali lilelile: "Mtaalamu, hili si bawa la Amelia Earhart?" Wanamsema yule rubani Mmarekani aliyepotea na ndege yake kwenye Bahari ya Pasifiki. Si bawa. Hebu tuelewane kabla hujanitumia ya kwako.

Dhana: Bahari haichori mstari ulionyooka, kwa hiyo ukiona ukingo mnyoofu hapo pana kitu cha binadamu.

Hii ndiyo inanichosha kuliko zote. Asemaye hivi angeshuka pwani maji ya bamvua yakishatoka, akatazama jiwe la matumbawe lilivyochanika: nyufa ndefu, sambamba na ukingo wa mwamba, kama zimepigwa rula. Mchanga uliogandamana kuwa jiwe hukatika vibao vya pembe nne utadhani fundi alimwaga zege. Upande wa bahari kuu, mwamba hujipanga matuta na mifereji kwa nafasi zinazokaribiana. Kuna matumbawe membamba yanayosimama kama waya wa umeme, na mengine bapa, ya duara, ambayo nimeshaambiwa mara nyingi kuwa ni gurudumu.

Halafu klipu yenyewe. Ikishapita simu tano imekandamizwa mpaka imebaki miraba. Mtu anaikuza, anaiongezea ukali, miraba inajipanga safu, naye anapiga kelele: ribiti, misumari ya kuungia bati la ndege! Hizo ni pikseli, ndugu yangu.

Mimi nauliza kwanza: nukta za leza ziko wapi? Roboti nyingi za chini ya maji hurusha miale miwili sambamba, mara nyingi sentimita 10 kati yake. Bila kipimo hicho, kibao cha sentimita 30 na bawa la mita kadhaa havina tofauti kwenye kioo cha simu. Lockheed Electra ile, ndege ya Earhart, ilikuwa na mita 16.8 kutoka ncha ya bawa hadi ncha. Nipe kipimo, ndipo tubishane.

Na hata likiwa bati kweli, bado. Meli ya Norwich City ilipanda mwamba huohuo mwaka 1929, miaka 8 kabla Earhart na mwelekezi wake wa njia, Fred Noonan, hawajapotea tarehe 2 Julai 1937, na vyuma vyake vimeporomoka kwenye mteremko. Tena kisiwa kilikaliwa na watu tangu 1938 hadi 1963. Takataka zipo.

Dhana: Ndege itakuwa imekaa chini nzima nzima.

Kwenye maji matulivu ya kina, labda. Kwenye mwamba unaopigwa na mawimbi, bati jembamba la alumini huchanwa, na linapogusana na chuma kwenye maji ya chumvi huliwa haraka zaidi. Tafuta vizito: injini mbili za Wasp, kila moja silinda 9 zilizopangwa duara, na miguu ya magurudumu. Achana na bawa.

Dhana: Sona imeonyesha umbo la ndege, basi yamekwisha.

Januari 2024 ilisambaa picha ya namna hiyo, iliyochorwa kwa mwangwi wa sauti, kutoka karibu na kisiwa cha Howland alikokuwa akielekea Earhart, kina cha karibu mita 5,000. Mabawa, mkia, vyote. Novemba walioipiga wakarudi na kamera. Jiwe.

Dhana: Mtaalamu hutambua kwa kutupa jicho.

Juni 2016 kipande cha bawa kiliokotwa Pemba. Kilikuwa mkononi, mchana kweupe, wala si kwenye video yenye ukungu, na bado wachunguzi wa Australia hawakukitangaza kuwa cha MH370, ndege ya Malaysia iliyopotea mwaka 2014, mpaka Septemba. Walisoma namba za vipuri na mihuri ya tarehe iliyobaki, wakazilinganisha na kumbukumbu za kiwanda kilichokitengeneza, zikawapeleka kwenye Boeing 777 ya 404 kuundwa, ambayo ndiyo hiyo MH370.

Kwa hiyo nitumie faili lenyewe kutoka kwenye kamera, pamoja na kina na saa. Picha ya skrini yenye duara jekundu siifungui.